Picha ya Rukia Tuliyoikata Vipande

Nyie mnaopakia picha kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye chipsi, mie sina ugomvi nanyi. Wajukuu zangu hapa Chamazi wanapiga picha wali kabla hawajaula, na wali haujapoa picha imeshafika kwa watu. Natazama tu. Ila juzi mmoja wao aliitupa simu kwenye kochi, eti picha "imekwama", inazunguka tu haiendi. Nikacheka mpaka akaudhika. "Bibi, unacheka nini sasa?" Nikamwambia nitakuandikia, maana nikikueleza kwa mdomo utaondoka katikati. Basi nimeandika, na kwa kuwa wenzake nao wana tabia hiyo hiyo, nawaandikia wote.

Nimesoma mpaka darasa la saba. Mambo ya kompyuta nitakayoyasema niliyajua kwa kuyashika, sikuyasomea, na huenda aliyesoma akakuta nimekiita kitu jina lisilo lake. Anisahihishe tu. Mambo ya watu ndiyo naogopa kuyakosea, kwa sababu baadhi yao hawapo tena wa kunijibu.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha picha. Studio ilikuwa Tandika, mali ya Mzee Kibwana, mtu mrefu wa kofia ya viua ambaye alikuwa akimpanga mteja mbele ya pazia lenye ndege iliyochorwa, anamwinua kidevu, halafu anasahau kumwambia atabasamu. Nilianza kwake enzi za nyeusi na nyeupe, kwenye chumba cha giza, beseni tatu na taa nyekundu. Dawa ikiadimika tulikuwa tunaipunguza kwa maji na picha zinatoka kama zimepigwa kwenye ukungu. Halafu biashara zikafunguliwa, vitu vikaanza kuingia, filamu za rangi zikajaa madukani, na Mzee Kibwana akanunua mashine ya rangi iliyokwishatumika huko ilikotoka. Mwaka wa kwanza ilitusumbua kuliko mtoto mchanga. Nikaizoea, nayo ikanizoea.

Sasa kuna jambo la mila inabidi nilieleze, maana wengine mmekulia mbali nalo. Bi harusi wa kwetu akisingwa mwili kwa manukato, akipakwa hina na piko nyeusi, hiyo ndiyo singo, ni shughuli ya wanawake. Mwanamume haingii, na picha zake haziangalii. Watu wanavua mabaibui, wanajipamba, wanacheza wanavyotaka, kwa sababu wanajua nani yupo ndani. Mpiga picha wa shughuli hizo kwa upande wetu wa Temeke nilikuwa mimi, na msafishaji mimi, maana kumpa mwanamume filamu ile akaisafishe ilikuwa sawa na kumfungulia mlango.

Mzee Kibwana hakuhitaji kuambiwa. Akimwona tu Bi Mwanaidi anakuja na filamu zangu za shughuli, alizozitunza yeye, zimefungwa kwenye pindo la kanga, anainuka, anachukua kofia yake, anatoka kwenda kwa muuza kahawa. Studio yake, mashine yake, umeme wake, lakini yeye nje. Siku moja mvua ikamkuta huko. Nikachungulia mlangoni nikamwona amesimama chini ya bati la duka la mkabala, kanzu imemganda miguuni.

"Mzee, njoo ndani utaugua!"

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi na mie bado."

Bi Mwanaidi alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wanawake, mkaazi wa Mtoni, msusi wa mikeka, mtu wa maneno machache na yote makali. Chama kilikuwa cha kusaidiana kwenye harusi na misiba. Lakini wanachama walikuwa wametawanyika, wengine wameolewa Muscat, wengine Dubai, wengine Ulaya, na kila harusi ikifanyika Temeke simu zinaanza: tuleteeni picha, tunataka kuona hina, fundi gani kaipaka, ua gani kachora. Mwanzoni tulikuwa tunatuma kwa bahasha. Bahasha moja ilifunguliwa njiani, sijui na nani, picha zikaonekana zimebandikwa kwenye duka la kinyozi. Tukaona basi tumpe msafiri mwanamke. Yule tuliyempa picha kubwa iliyokunjwa kama mkeka, huko alikopita wakaguzi wakaikunjua wakaitandaza juu ya meza mbele ya foleni nzima. Walikuwa wanafanya kazi yao, siwalaumu. Lakini Bi Mwanaidi akapiga marufuku. Picha isitoke tena nje ya Temeke.

Hapo ndipo mambo ya websaiti yalipoingia. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mtandao umeingia mjini na kila mtu anausema hata asiyeujua. Mmoja wa wanachama wa ng'ambo alitueleza kwamba unaweza kuweka picha mahali ambapo anayefungua ni mwenye neno la siri peke yake. Bi Mwanaidi akaniita.

"Tatu, hilo neno la siri mwanamume hawezi kulibahatisha?"

"Nitauliza, Bi."

"Uliza. Na ukiuliza, usimuulize mwanamume mwongo."

Nikampata Kredo. Kredo alikuwa kijana wa Songea, Mkatoliki, mwimba kwaya, anaishi Gongo la Mboto na anafanya kazi kwenye ofisi ya mtandao Magomeni, upande wa Kinondoni. Nilipomweleza masharti yetu sikutegemea jibu alilonipa. Aliigeuza kompyuta ikatazama ukuta, akanikalisha kwenye kiti chake, yeye akakaa amenipa mgongo anaangalia mlango. Kuanzia siku hiyo alinifundisha hivyo hivyo, kama mwalimu wa udereva aliyefumba macho.

"Dada Tatu, umeona kamstari kanajaa taratibu?"

"Kamefika nusu."

"Usikaguse. Kakisimama usishtuke. Kakirudi nyuma, niambie."

Makosa niliyoyafanya kwenye kazi ile ningeyaandika yote mngechoka. La kwanza, nilidhani picha kubwa ni heshima kwa mteja, na kubwa zaidi ni heshima zaidi. Mzee Kibwana alinunua skana, ile bapa ya kulaza picha, nami nikaiwekea namba ya mwisho kabisa. Nikabonyeza. Nikaenda kununua vitumbua, nikarudi, taa ya skana bado iko kwenye kiwiko cha bi harusi. Na faili lililotoka halikuingia kwenye disketi moja, wala mbili. Nikawa nabeba rundo la disketi kutoka Tandika hadi Magomeni kama naenda kuuza.

Siku moja disketi zote zikafika tupu. Kredo akajaribu moja, akajaribu ya pili, halafu akauangalia mkoba wangu.

"Dada, huo mkoba unafungwa na nini?"

"Na sumaku. Mzuri, eh? Wa Dubai huo."

Akalaza paji la uso mezani. Hakunicheka, nakumbuka. Aliniambia sumaku inafuta disketi kama dasta inavyofuta ubao, kisha akanipa boksi la biskuti nibebee.

Halafu niliingia kwenye kosa la upande wa pili, nikazifanya picha ndogo mno. Simu ikatoka Muscat: "Tatu, hii ni hina au mtoto kakanyaga matope?" Hina ya fundi mzuri ina mistari myembamba kuliko uzi. Ukiibana picha sana, ile mistari inavimba na kukatika, ua linageuka kuwa madoa. Nikajifunza kutafuta katikati: picha iwe kubwa kiasi cha kumwezesha mtu kufuata mstari kwa kidole, na nyepesi kiasi cha kupita kwenye waya wa simu. Nikajifunza na hili, nalo hata leo naona mnalikosea: ile picha ya kwanza uliyoiskani usiiguse. Fanya kazi kwenye nakala yake. Kila ukifungua na kuhifadhi tena juu yake inachakaa kidogo kidogo, na siku utakayoigundua imechakaa, ya mwanzo huna.

Basi websaiti ikawa hewani. Kila mwanachama na neno lake la siri. Tukapata sifa. Mafundi wa hina wa Muscat wakaanza kuiga maua ya Temeke.

Sasa nije kwa Rukia, maana yote niliyoyasema nilikuwa nalisogelea hilo.

Rukia alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Mwanaidi. Baba yake alifariki yeye bado mdogo. Mama yake, Bi Saada, alikuwa Muscat kwa mdogo wake aitwaye Asya, alikwenda kutibiwa macho. Macho yalikuwa yanamfunga ukungu, kila mwezi unazidi. Alikuwa anaona vitu vikubwa vikiwa karibu sana na uso, na daktari alimwambia maneno ambayo Asya alituambia kwenye simu kama alivyoyasikia: kama kuna kitu unataka kukiona, usikicheleweshe.

Harusi haikuweza kusubiri, bwana harusi alikuwa anaondoka kwenda kazini mbali. Bi Saada hakuweza kusafiri, matibabu yalikuwa katikati. Kwa hiyo Rukia alisingwa, akapakwa hina, akaolewa, na mama yake hayupo. Mimi ndiye niliyempiga picha ile. Amekaa kwenye mkeka wa shangazi yake, asumini kichwani, viganja wazi mapajani, hina imepanda mpaka karibu na viwiko, ananitazama moja kwa moja. Nilipomwambia acheke alisema, "Sitaki kucheka, Da Tatu. Mama hawezi kuniona nikicheka, macho yangu yanakuwa madogo." Nikampiga hivyo hivyo.

Nikaiskani kubwa. Safari hii ukubwa haukuwa kosa, Bi Saada asingeona ndogo. Nikaipakia Magomeni, Kredo amenipa mgongo, ikachukua sehemu kubwa ya asubuhi.

Upande wa Muscat, Asya alikuwa mlezi kwenye shule ya watoto wadogo, na mwenye shule alimruhusu kutumia kompyuta ya ofisi siku ya mapumziko. Akamkalisha dada yake karibu na kioo. Zamani, nyie hamkuliona hili, picha kubwa ilikuwa inashuka kutoka juu kama pazia linaloteremshwa pole pole. Bi Saada akaona asumini. Akaona nywele. Akaona paji la uso. Ikafika kwenye nyusi, laini ikakatika. Wakaanza upya, ikakatika kwenye nyusi. Siku nyingine wakajaribu tena, ikafika katikati ya paji la uso tu.

Asya akanipigia. "Dada analia, Tatu. Anasema anamjua mwanawe mpaka kwenye nyusi."

Nikamwambia jaribuni tena.

Asya ni mtu wa kuhangaika, na katika kuhangaika kwake akagundua jambo. Alikuwa anajaribu kuifikia picha bila kupita kwenye ukurasa, akafuta maneno ya mwisho kwenye ile anwani, akabonyeza. Ikamtokea orodha ya picha zetu zote. Harusi zote. Bila kuulizwa neno lolote la siri. Angeweza kunyamaza aendelee kutafuta ya Rukia. Hakunyamaza, alimpigia Bi Mwanaidi siku ile ile.

Kikao kilikuwa studio, kwenye benchi la wateja, ile ndege ya pazia iko nyuma yetu. Mzee Kibwana alikuwa kwa muuza kahawa. Kredo alikuja mwenyewe, hakutuma mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nieleze, na unieleze kama unamweleza mtu mjinga."

Kredo akaeleza. Neno la siri lilikuwa linalinda ukurasa. Picha zenyewe zilikuwa zimekaa kwenye folda pembeni, na folda haikuwa na kufuli. Ile nafasi tuliyokodi kwenye kompyuta za Ulaya haikuwa na kufuli la namna hiyo, na yeye alidhani mtu hatajua njia. Aliweza kuificha orodha isionekane, na ameshaificha asubuhi ile. Lakini mwenye kuijua anwani ya picha moja angeendelea kuifungua.

"Kwa hiyo mlango mlifunga, dirisha mkaacha wazi, na leo unaniletea pazia."

"Ndiyo, mama."

"Wewe umeziona?"

"Hapana."

"Nitajuaje?"

Kredo akafikiri. "Hutajua, mama. Mtu hawezi kukuonyesha alichokuwa hakitazami. Nikikuapia kwa dini yangu, wewe dini yako ni nyingine."

"Kiapo ni kiapo."

Akaapa. Bi Mwanaidi akakikubali, na tangu siku hiyo sikumsikia akirudia kumuuliza. Kwa upande wangu lazima niseme: yeye hakuniambia habari ya folda, na mie sikumuuliza, maana nilishaona neno la siri likafanya kazi nikaridhika. Kama kuna mwanamume aliyeziona picha zile, mpaka leo sijui. Wala hakuna ajuaye.

Bi Mwanaidi akatoa uamuzi. "Toeni zote. Leo."

"Na ya Rukia, Bi?" nikauliza.

"Ya Rukia ndiyo ya kwanza kutoka. Yule ni damu yangu, nianze kulinda za wenzie?"

"Mama yake hajamwona."

"Najua hajamwona!" Alipandisha sauti, jambo ambalo hakuwa analifanyaga. "Saada ni wifi yangu, Tatu. Unadhani silali na hilo? Lakini hawa watoto wa watu walivua mabaibui yao kwa sababu niliwaambia hakuna mwanamume. Mimi niliwaambia. Si wewe, si huyu."

Nilikuwa nimekasirika naye wakati ule, nakiri. Nilipozeeka nikaona alikuwa na haki, na Bi Saada alikuwa na haki, na ndiyo maana ilikuwa vigumu.

Zikatolewa jioni ile. Kredo alipokuwa anatoka studio kwenda kuzitoa, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea kwamba picha kubwa kuna njia ya kuikata. Kuna programu inaikata kwa mistari kama ya daftari la hesabu, kila kipande kinakuwa faili lake, halafu ukurasa unavipanga pamoja bila nafasi. Laini ikikatika kinachopotea ni kipande kimoja, vilivyofika vimefika. Alikuwa anafikiria zile nyusi.

"Rudi ukae," akasema Bi Mwanaidi.

Akarudi akakaa.

"Kipande kimoja, mtu akikifungua peke yake, anaona nini?"

"Anaona kipande tu, mama. Kidole. Ua la asumini."

Bi Mwanaidi akatazama mikono yake. "Mkeka unaanza na ukili," akasema. "Chane za ukindu zimesukwa, ndefu, nyembamba, kama utepe. Ukiniletea ukili mmoja wa mkeka wa maua, hata mimi niliyeusuka siwezi kukwambia ua ni lipi. Mpaka ushonwe na wenzake." Akamgeukia Kredo. "Na anayeshona ni ule ukurasa wenye neno la siri?"

"Huyo huyo."

"Basi mkate. Lakini kila mahali kisu kinapopita nitakuwepo."

Na kweli alikuwepo. Alikuja studio akakaa ubavuni pangu, miwani puani, akaniongoza mistari yote. Sharti lake lilikuwa moja: kipande chochote kikichukuliwa peke yake kisimtaje mtu.

"Hapo jicho na pua viko pamoja. Tenganisha."

"Nikitenganisha hapo, Bi, kisu kinapita katikati ya jicho."

"Kipite. Jicho nusu si la mtu."

"Na huu mdomo?"

"Mdomo peke yake sawa. Midomo ya ukoo wetu yote ni mmoja, watamdhania mimi."

Majina ya faili nayo akayakagua. Zamani nilikuwa naandika jina la bi harusi kwenye faili, niweze kukumbuka. Akasema jina nalo ni sehemu ya sura. Tukaweka namba tu. Mkitaka ushauri wa bure, huo ndio: jina la faili linasomwa na watu hata picha isipofunguliwa.

Ikabaki shida ya Kredo. Yule mtu ndiye wa kuutengeneza ukurasa, na ukurasa huwezi kuujua kama umekaa sawa mpaka uuone na picha ndani. Sasa atakionaje asichotakiwa kukiona? Akapata njia. Alichukua picha yake mwenyewe, ile ya kitambulisho cha kazini, akaikuza ikawa sawa na ya Rukia, sura akaiweka pale nilipomwambia ya Rukia imekaa, akaikata kwa mistari ile ile, akavipa vipande namba zile zile. Akajipanga kwenye ukurasa mpaka sura yake ikakaa bila ufa. Halafu akageuza kiti akatazama mlango, nami nikaanza kupakia vipande vya Rukia juu ya vyake, kimoja kimoja. Namba ikiwa ile ile, kipya kinafuta cha zamani. Kredo anatoka, Rukia anaingia.

Siku ile Bi Mwanaidi alikuja Magomeni pamoja nami, amevaa kama anayekwenda harusini. Laini ilikuwa nzuri. Kuna disketi moja ilisomeka kwa shida, ikalia krr krr, ikanyamaza, nikadhani imemaliza. Tukampigia Asya: fungueni. Tukakaa kusubiri. Bi Mwanaidi alikuwa anavuta tasbihi yake, Kredo anaangalia mlango ambao hapakuwa na mtu anayepita.

Simu ikalia. Nikaipokea mimi.

"Tatu!"

"Nakusikia, Asya. Imefika?"

"Imefika. Inakuja kila mahali kwa pamoja, mara kidole, mara sikio, dada anacheka kama mtoto. Macho tumeyapata, Tatu, macho yote mawili."

"Alhamdulillahi."

"Ila nina swali. Rukia kaanza lini kufuga ndevu?"

Sikumwelewa. Akarudia. Nikamgeukia Kredo, nikazitazama zile ndevu zake fupi alizozichonga vizuri kama mtu wa kwaya, nikaelewa. Ile disketi iliyolia haikusomeka yote. Kipande chake kimoja hakikwenda. Kwa hiyo Rukia amefika Muscat na asumini kichwani, hina mpaka viwikoni, na kidevu cha Kredo.

"Kuna nini?" akauliza Bi Mwanaidi.

Nikamwambia. Nilimwambia huku nimeangalia sakafu, maana nilijua kazi yote imeharibika, na safari hii kwa aibu kubwa kuliko ya kwanza. Kredo alikuwa ameshakifunika kidevu chake kwa mkono. Bi Mwanaidi akamtazama muda mrefu.

"Haya mwanangu," akasema. "Umeingia singo bila kualikwa."

Halafu akacheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na Kredo akapata pumzi.

Tukakifuta kipande kile mara moja. Nikamwambia Asya afungue ukurasa upya, akasema sawa, ndevu zimeondoka, pamebaki peupe, kama dirisha. Nikajaribu ile disketi tena, haikukubali. Picha yenyewe ilikuwa Tandika. Mwenye shule alikuwa anaihitaji ofisi yake, na Asya hakujua ataruhusiwa tena lini. Nikaomba nizungumze na Bi Saada mwenyewe. Nilitaka nimwombe radhi kabla hajakatiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Tatu. Nimemwona." Sauti yake ilikuwa karibu, kama amelaza uso kwenye simu. "Nimemsogelea mpaka pua imegusa kioo. Hina ya kushoto imeshika kuliko ya kulia. Aliulalia mkono huo?"

"Inawezekana, mama."

"Aliulalia. Tangu mdogo analalia wa kulia. Na kakataa kucheka."

"Alisema macho yanakuwa madogo."

"Kweli yanakuwa."

"Mama, hapo chini ya mdomo pana peupe. Ni kosa letu. Kesho nakirudia hicho kipande, nakuahidi, hata kama..."

"Ni kidevu hicho?"

"Ni kidevu, mama."

"Usihangaike mwanangu. Kidevu hicho ninacho mimi hapa. Nimekishika."

Nikampa Bi Mwanaidi simu. Akasikiliza, akakunja uso, akavuta pumzi.

"Nani kakudanganya ni chako?" akasema kwa nguvu. "Kidevu kile ni cha kaka yangu! Wewe wifi yangu huna kidevu tangu nikufahamu!" Akasikiliza tena. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye simu, na bado anabishana. "Nakataa. Uliza Temeke nzima. Kiangalie vizuri hapo peupe, utamwona baba yake."

Kredo, bado amegeukia mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo jingine.

"Hakuna," nikamwambia. "Wanaangalia picha."